Sentimita Sita za Kukua

3 Machi, Jumatatu

Leo nimepima watoto kumi na tisa na hakuna hata mmoja aliye wangu. Nimeliandika hilo kwanza ili lisinisumbue tena, kisha niendelee na mengine kama mtu mzima.

Daftari hili nimepewa na karani wa kliniki. Mvua ya jana ilipenya juu ya kabati lake ikalowesha kurasa za mwanzo, akasema kwa kazi ya ofisi halifai tena ila kwa mambo ya mtu binafsi linatosha. Nimelipokea kwa mikono miwili. Simu ya nyumbani hukatika kila mara, na mama yangu naye si mtu wa simu. Akishauliza kama nimekula, kwake mazungumzo yamekwisha. Maneno yanayonibaki mdomoni nitayamwaga humu.

Mimi ni muuguzi katika kliniki ya figo za watoto. Kazi yangu ya kwanza kila asubuhi ni kupima urefu. Watu hudhani ni kazi ya kupitisha muda, wakati figo huwezi kuifungua ukaitazama inavyochuja, inabidi ukisie. Unachukua urefu wa mtoto kwa sentimita, unazidisha kwa thelathini na sita na nusu, unagawanya kwa kreatini iliyokutwa kwenye damu, yaani ile taka ya misuli ambayo figo zilipaswa kuitoa. Jibu linakuonyesha figo zinachuja kiasi gani. Mtoto mwenye afya njema hucheza kwenye mia. Akishuka chini ya sitini, jalada lake linakwenda moja kwa moja mezani kwa Daktari. Damu inapimwa na mashine ya maabara. Urefu napima mimi kwa mkono huu, na nikikosea, hesabu nzima imekosewa. Wazazi wananiita Mama Sentimita, na sina neno.

Mwanangu ana miaka saba. Tunamwita Chiriku kwa sababu hanyamazi. Alizaliwa na figo moja nzima na nyingine iliyodumaa, na anakaa na mama yangu, mwendo wa siku mbili kutoka hapa. Kule hakuna kliniki ya figo, na wala hakukuwa na kazi yangu. Hapa kazi ipo, ila ninalala hosteli ya wauguzi na watoto hawaruhusiwi. Nilimwacha akiwa na sentimita 115. Ni miezi kumi na minne sasa, na mkataba umebakisha kumi.

5 Machi

Mvua. Watoto sita tu, wote wamelowa mpaka soksi.

7 Machi, Ijumaa

Majibu ya damu ya Chiriku yamefika. Mama ametuma picha ya karatasi, nusu kidole chake. Kreatini 70. Tabibu wa kule ameandika "kawaida" na kupiga mstari chini yake, maana karatasi ya maabara yao inasema mpaka mia si neno. Mia ya nani? Ya mwanamume mwenye mabega ya kubeba magunia. Mtoto wa miaka saba hana misuli hiyo. Simlaumu sana, amesoma kilichoandikwa.

Kwa hiyo hesabu nafanya mwenyewe, nami sikuwa na urefu. Nikampigia mama, nikamwomba ampime. Mama ni fundi cherehani, ameshona sare za shule miaka thelathini na tano, tepu haimtoki shingoni hata akienda sokoni. Nikasikia akimwambia Chiriku asimame vizuri asijikunje. Kisha akasema, "Mia na ishirini na mbili. Umesikia, au nirudie?"

Nilikuwa nimesikia. 122 mara thelathini na sita na nusu, gawanya kwa sabini: 63.6. Juu ya sitini. Roho imetulia.

Na amekua sentimita saba. Nimechukua rula na penseli nikachora mstari ukutani chumbani kwangu, 122 kutoka sakafuni, pembeni ya dirisha. Nimeuwekea kiganja juu yake kama ningemshika kichwa. Ni upuuzi, lakini nimesimama pale mpaka chai ikapoa.

11 Machi

Umeme umekatika mara tatu. Hakuna jipya.

14 Machi, Ijumaa

Vita vya viatu leo. Baba mmoja, dereva wa lori, amekataa mwanawe avue buti kwa sababu sakafu imelowa. "Dada, toa tu sentimita mbili za soli, si hesabu hiyo?" Nikamwambia soli ya upande mmoja imelika, nitoe ipi. Akaitazama, akacheka, akamvua. Baada yake mama aliyetaka nywele za binti yake zihesabiwe kwa kuwa alizisuka jana yake kutwa nzima. Hapo nilikuwa mkali kidogo. Kwangu sheria ni moja: viatu chini, visigino ukutani, macho mbele, pima mara mbili. Sitaki kusikia mtoto amekua kwa sababu mzazi anatamani awe amekua.

20 Machi, Alhamisi

Nimeongea na Chiriku dakika kumi na moja bila simu kukatika. Ameng'oka meno mawili ya mbele, maneno yanatoka na upepo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umeshindaje?"

Hapo mlango wa maneno ukafunguka. Mwalimu amenunua kengele mpya. Paka wa jirani amezalia kwenye kikapu cha vitambaa cha bibi, na bibi amesema atawatupa lakini hajawatupa, anawashonea kitanda. Amekuwa wa nne darasani, ila angekuwa wa pili kama asingelala kwenye mtihani wa hesabu.

"Ulilala?"

"Kidogo tu. Siku hizi nikikaa nalala."

Nikaomba nizungumze na bibi yake. Mama akasema ni mvua, hata yeye anasinzia juu ya cherehani. Nikasema sawa. Nilitaka sana iwe ni mvua.

Baada ya simu nimekaa na sauti yake masikioni. Namtamani mwanangu kama mtu anavyotamani kitu alichokiweka mahali kwa mkono wake mwenyewe, akijua kabisa kipo, na hakifikiki.

22 Machi

Nimefua. Hazikauki.

27 Machi, Alhamisi

Kuna kijana wetu tunayemwita Msomi, kwa sababu hujipigia hesabu zake kabla Daktari hajazipiga. Juzi ametimiza miaka kumi na minane, akapimwa kliniki ya wakubwa kwa mara ya kwanza. Leo amekuja kutuaga, anatembea kifua mbele. Miezi miwili iliyopita hesabu yetu ilimpa 52. Huko wamempa 70.

Daktari ni mama mtu mzima, mpole wa sauti na mgumu wa macho. Akamkalisha. "Kreatini yako imebadilika?"

"Hapana, Daktari. Ni ileile."

"Umeanza dawa mpya?"

"Hapana."

"Basi figo zako zimepona usiku mmoja kwa sababu umekata keki?" Msomi akainamisha kichwa. Daktari akamweleza kwamba hesabu ya wakubwa imetengenezwa kwa miili ya wakubwa, na kwa kijana aliyevuka mpaka juzi huwa inampa zaidi ya alicho nacho. "Namba ni makisio, mwanangu. Usiipende kwa kuwa ni kubwa."

Alipotoka nilimsema mbele ya karani. Nikasema kijana ana akili zote zile, na bado anajivisha kilemba cha ukoka mwenyewe. Karani akaniunga mkono.

4 Aprili, Ijumaa

Kreatini ya Chiriku 73. Kwa 122, inakuja 61.

Nimeirudia mara tatu, hata kwa mkono, bila kikokotoo. Sitini na moja. Bado ni juu ya sitini.

Nikampigia mama, nikamuuliza kama Chiriku ameongezeka tangu mwezi uliopita. Akacheka. "Watoto na mvua hizi, wanaota kama majani. Ongeza mbili." Nikaandika 124. Jibu likawa 62, nikafunga daftari.

Naandika hili ili niseme ukweli angalau mahali pamoja: mtoto hakui sentimita mbili ndani ya wiki nne. Jalada la mtoto wa mtu mwingine likija na namba hiyo, namrudisha ukutani kabla mzazi hajakaa. Hili la kwangu nimelikubali, nikala chakula cha jioni na nikalala vizuri.

9 Aprili

Kule mvua imezidi, barabara imekatika darajani. Simu haipatikani.

10 Aprili

Haipatikani.

13 Aprili

Imepatikana. Nimekula? Nimekula. Basi.

19 Aprili, Jumamosi

Picha. Mama hajawahi kunitumia picha ya mtu tangu nimfahamu, hutuma karatasi za maabara tu, leo ametuma Chiriku mzima kuanzia kichwa mpaka ndala. Amesimama mlangoni kwa mama, kitasa kiko nyuma ya bega lake, anatabasamu na mapengo yake mawili. Amevaa lile gauni la kijani lenye kola nyeupe ambalo mama alimshonea wiki niliyoondoka. Nililipiga pasi mwenyewe asubuhi ile, kwa sababu sikujua mikono niipeleke wapi. Linamkaa vilevile kama siku ile. Nimeitazama mpaka simu ikaisha chaji, nikaichaji, nikaitazama tena. Leo sitaandika zaidi, nina furaha na imeniuma.

22 Aprili, Jumanne

Nitajaribu kuandika kwa mpangilio.

Asubuhi alikuja msichana wa miaka saba na mama yake. Nikampima. Mama yake alikuwa akizungumza na mwenzake kwenye benchi, huku akivuta sketi ya mtoto kushuka chini, haishuki. Akasema, "Wanatumaliza hawa. Gauni la mwaka jana sasa ni blauzi." Wote wawili wakacheka, hata mimi nikacheka. Nikaandika urefu. Nikampima yule mtoto mara ya pili. Mkono ukiwa bado juu ya kichwa chake, nikaacha kucheka.

Nilimwomba karani ashike zamu yangu, nikaenda chumba cha kuhifadhia shuka. Nikaifungua picha nikaikuza. Pindo la gauni linaishia vidole viwili chini ya goti. Siku niliyoondoka liliishia vidole viwili chini ya goti. Najua kwa sababu nilipiga magoti kulinyoosha. Miezi kumi na mitano, na gauni linamkaa vilevile.

Nikapiga simu, na mama yangu alipokea mara ya kwanza.

"Mama, lile gauni la kijani. Ulifumua pindo?"

"La nini? Halijahitaji."

"Halijahitaji tangu nimeondoka?"

"Nililishona kwa akili. Nililiacha na nafasi."

"Mama, ile mia na ishirini na mbili uliipimaje?"

"Kwa tepu. Ulitaka nipime kwa kamba?"

"Ulipima, ukaongeza?"

Akaniona mjinga. Nilisikia hilo kwenye sauti yake. "We mtoto, nani anampima mwanafunzi bila kuongeza? Vidole vinne, yaani sentimita sita, toka juu hadi chini. Ukiandika mtoto alivyo leo, sare inambana kabla muhula haujaisha na mzazi anarudi kukutukana. Kitabu changu chote kiko hivyo. Tangu ukiwa tumboni kiko hivyo."

"Na zile mbili za mwezi huu?"

"Uliuliza kama ameongezeka. Nikaona anaongezeka."

Nikamwambia, "Mpime sasa hivi. Kama alivyo. Usimwongezee hata uzi."

Akamwita. Nilisikia kiti kikisogezwa, nikamsikia Chiriku akiuliza kama anashonewa gauni jipya. Mama aliporudi kwenye simu sauti yake ilikuwa ndogo.

"Mia na kumi na sita."

Nimempigia hesabu palepale, kwa penseli juu ya sanduku la majibu ya zamani. 116, kwa kreatini 73, ni 58. Ukiirudisha nyuma Machi, ilikuwa sitini na nusu. Mwanangu alikuwa anateleza mbele ya macho yangu nami nampigia makofi. Ameongezeka sentimita moja kwa muda wote huu. Nilichora mstari ukutani nikawa nasalimia nafasi ya kukua, si mtoto.

Nilimwambia mama maneno. Nilimwambia figo si sare. Nilimwambia kama angekuwa anampenda angemtazama. Akasema, "Haya," akakata simu. Au mtandao ulikata, sijui.

23 Aprili, Jumatano

Nimeingia kwa Daktari kabla ya wagonjwa. Nimemweleza yote nikiwa nimesimama, kama mwanafunzi aliyevunja dirisha. Akaniambia nikae. Akaomba namba zote tatu za urefu, akaziandika mwenyewe.

"Hii 122 ni ya mama yako. Na hii 124?"

"Ni yangu."

"Ulimwamini?"

"Nilitaka kumwamini."

Akafunga kalamu yake. Kisha akasema hesabu tuiache kando kwanza. "Hata bila damu, mtoto ambaye gauni lake halimpungukii kwa mwaka mzima ameshakwambia. Figo zikichoka, mwili unaacha kukua kwanza. Hilo unalijua, unawafundisha wanafunzi wangu."

Najua. Nalijua kama ninavyolijua jina langu.

Amesema mtoto aletwe. Kuna dawa za kuzilinda figo zisishuke upesi, kuna damu ya kupima na chakula cha kupanga, na zikianza sasa zinaweza kumshikilia miaka mingi. Zikichelewa tunazungumza mambo mengine, na hakuyataja. Nikamwambia hosteli hairuhusu watoto. Akasema, "Hosteli niachie mimi."

Nimempigia mama mara nane. Haipatikani.

24 Aprili

Barabara bado.

25 Aprili

Bado. Nimeufuta mstari wa 122 kwa kitambaa chenye maji. Nimechora 116. Uko chini sana, unapita chini ya ukingo wa dirisha.

26 Aprili

Bado. Nina hasira na mama mpaka meno yananiuma.

28 Aprili, Jumatatu

Hasira imenichosha. Nimekaa kuwaza nguo nilizovaa nikiwa mdogo. Sikumbuki hata moja iliyonitosha siku ya kwanza. Mikono ilinifunika vidole, pindo nilikanyaga, wenzangu wakaniita hema. Nikimlilia mama, alikuwa akisema, "Utaijaza." Na kweli nilizijaza zote. Baba alikuwa ameshafariki, hakuna aliyejua kama tutakula kesho, na mwanamke yule alikaa kwenye cherehani akiandika kwamba mwanawe atafika mia na thelathini, mia na arobaini, mia na hamsini. Hakuwahi kuandika mtoto alivyo leo. Nadhani asingeweza kulala kama angeandika.

Na mimi niliyesomea kazi hii, niliongeza mbili zangu. Yeye alikuwa na desturi ya kazi. Mimi sikuwa na kisingizio.

30 Aprili, Jumatano

Imepatikana.

"Mama, nisamehe."

"Umekula?"

"Mama, nilikosa adabu. Nisamehe."

Akasema tusipoteze chaji. Wamefunga mizigo tangu Jumatano iliyopita, bila kungoja niwaambie waje. Tabibu ameandika barua. Paka amewapa jirani. Wanasubiri maji yashuke darajani, malori yamesimama pande zote mbili, kila asubuhi anatembea na Chiriku hadi pale kuangalia, na kila asubuhi wanarudi. "Kurudi namleta mgongoni," akasema. "Anachoka. Sikukwambia hilo. Nilifikiri nikikwambia utaacha kazi."

1 Mei

Bado.

2 Mei

Bado. Mvua hapa imeacha. Sijui mvua ya huku ina uhusiano gani na ya kule, lakini nimetoka nje mara nne kutazama mbingu.

4 Mei, Jumapili

Wamevuka. Mama alituma neno moja: TUMEVUKA. Kwa herufi kubwa, nadhani kwa bahati mbaya.

6 Mei, Jumanne

Basi lilitarajiwa saa nne asubuhi, lilifika saa saba. Niliwaona watu wote wakishuka, kila mtu na mzigo wake, mpaka nikaanza kuogopa. Mama akashuka karibu wa mwisho, mgongo umepinda kuliko nilivyomwacha, tepu shingoni. Nyuma yake Chiriku akiruka ngazi.

Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno mengi. Nilimkumbatia tu. Siku niliyoondoka kichwa chake kiliishia kwenye kifungo cha tatu cha sare yangu. Leo nilikuwa nimevaa sare ileile. Kimeishia kwenye kifungo cha tatu. Nilimshika hivyo mpaka kondakta akatuomba tusogee.

Chiriku hakusema kitu. Njia nzima ameshika kidole changu kimoja na hakusema kitu, yeye anayeitwa Chiriku. Mama akanong'ona kwamba amekuwa akiongea siku mbili mfululizo ndani ya basi, mpaka abiria walibadilishana viti. "Atafunguka," akasema.

7 Mei

Damu imechukuliwa. Hakulia. Mama ndiye aliyegeuza uso.

8 Mei, Alhamisi

Kreatini 82.

Karani alijitolea kumpima ili nisipate taabu. Daktari akasema niache mkono wa mtu mwingine ufanye. Nikakataa, nikasema nimewapima watoto wa watu mwaka na ushei kwenye ubao huu na huyu hatapimwa na mtu mwingine. Mama akakaa kwenye benchi la wazazi, mkoba magotini, akautazama ubao kutoka chini hadi juu, kwa macho ya fundi anayetazama kazi ya mwenzake.

"Viatu chini," nikasema.

Chiriku akavua ndala zake, akazipanga.

"Visigino ukutani. Macho mbele."

Nikashusha kibao taratibu mpaka kikagusa nywele. Namba ilikuwa 119. Nikatazama chini. Visigino vilikuwa hewani, miguu inatetemeka kwa kujinyanyua.

"Chiriku. Visigino."

Akavishusha. Kibao kikamfuata. 116.2.

Hesabu ni 51.7. Daktari aliifanya kwa sauti ili mama aisikie. Akasema dawa zinaanza leo, mtoto anabaki hapa, tutapima kila mwezi, na kwamba hii si namba ya kumlilia, ni namba ya kuifanyia kazi. Mama akauliza kama anaweza kuiona ilivyoandikwa. Daktari akamgeuzia jalada. Akaisoma kwa kidole, 116.2, hakuongeza kitu. Kisha akaondoka kwenda kunawa uso, na Daktari akamsindikiza kumwonyesha bomba.

Tukabaki wawili. Chiriku alikuwa bado ubaoni, hakuna aliyemwambia atoke.

"Mbona ulijinyanyua?" nikamuuliza.

Akatazama mlango aliopitia bibi yake kutoka. "Usimkasirikie bibi. Ni mimi."

"Wewe umefanya nini?"

"Niliomba nisikue." Alisema upesi, maneno yakipita kwenye mapengo. "Mpaka urudi. Kila nikilala naomba. Nilifikiri nikikua wewe utakuja utamtafuta yule mdogo, utanipita. Halafu nikaumwa. Halafu sikujua namna ya kuomba ikome."

Nilipiga magoti pale sakafuni. Nikamwambia ni figo, siyo dua. Nikamwambia alizaliwa nazo hivyo, hakuna mtoto anayeweza kuzuia mifupa yake kwa maneno, na mimi ningemjua hata angekuwa mrefu kupita mlango. Nilimweleza vizuri, polepole, kama ninavyowaeleza watoto wote. Alinisikiliza mpaka mwisho. Niliona kabisa kwamba hajaniamini.

"Lakini sasa umeniona," akasema.

"Nimekuona."

"Kwa hiyo sasa naruhusiwa kukua?"

Nikamwambia anaruhusiwa.